Ramani Kwanza au Safari Kwanza?

Mwandishi chipukizi anayetaka kutunga riwaya ya nchi ya kubuni hupokea mashauri yanayogongana. Mmoja humwambia achore ramani kabla ya sentensi ya kwanza: mito, milima, koo za wafalme, sarafu, dini na masharti ya uchawi. Mwingine humwambia aachane na ramani, atafute mhusika mwenye shida na kumfuata nyuma. Wa tatu, mara nyingi mwalimu wa fasihi, humuuliza ujumbe ni upi, kwa kuwa kwake nchi ya kubuni ni fumbo la nchi tunayoishi. Wote watatu wana vitabu vikubwa vya kuonyesha kama ushahidi. Matokeo yake, mwandishi mmoja ana madaftari manne ya historia ya falme na hana hadithi hata moja. Mwenzake amefika sura ya 12 ndipo anagundua kwamba mto alioutaja sura ya pili umehamia upande wa pili wa mlima.

Wasomaji nao wanauliza, hasa tangu filamu za falme za kubuni zilipofika kwenye kila simu, kwa nini nchi za namna hiyo hazionekani katika Kiswahili. Zipo, na iliyo maarufu kuliko zote, Kusadikika ya Shaaban Robert, ilichapishwa mwaka 1951. Kinachokosekana ni mjadala wa wazi kuhusu namna zinavyojengwa na kila namna inamgharimu nini mwandishi.

Mandhari na ulimwengu

Shuleni tumezoea neno mandhari, yaani mahali na wakati wa matukio. Shafi Adam Shafi alipoandika Kuli (1979), mandhari yake ilikuwa bandari ya Unguja na mgomo wa makuli wa 1948. Bandari ilikuwepo, mgomo ulitokea kweli. Hata hivyo alikuwa na kazi ya ujenzi, kwa sababu msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura huenda hajawahi kuona gunia likipanda mgongoni mwa kuli. Tofauti ni kwamba mwandishi wa uhalisia huazima sheria za dunia hii bila kuzieleza: mtu asiyekula hufa, wafu hawarudi, maji hushuka bondeni. Anayebuni nchi yake anabadilisha angalau sheria moja, na hapo ndipo mandhari inapogeuka kuwa ulimwengu.

Tuchukue mfano mmoja na kutembea nao. Katika pwani ya Afrika Mashariki maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Tuseme mwandishi anabuni mji ambao maji hupwa kwa siku saba mfululizo, kisha hujaa kwa siku saba. Amebadilisha kitu kimoja tu. Lakini kwa wiki nzima ngalawa zimelala ubavu kwenye matope na hakuna chombo kinachotoka. Wanawake wenye michokoo wanatembea saa nzima kuelekea baharini, wanachokoa pweza mahali ambapo wiki iliyopita jahazi lilielea. Samaki anapanda bei siku ya tatu, pweza anashuka. Ardhi ile ni ya nani, ikiwa ni ardhi nusu ya mwezi tu? Mtoto akizaliwa kwenye fungu la mchanga siku ya tano, ni raia wa mji upi? Na mdaiwa akitoroka kwa miguu siku ya sita kuelekea kisiwa cha pili, anayemfuata lazima aamue kama atageuka kabla maji hayajarudi. Hadithi imeshaanza, na ramani haijachorwa bado.

Wasimulizi wetu waliifanya kazi hii kwa ufupi wa ajabu. Mtambaji akisema “Paukwa” na hadhira ikajibu “Pakawa”, sheria mpya zimeshapitishwa kwa makubaliano: Sungura atasema, Fisi atadanganywa, na hakuna atakayeuliza walijifunza wapi lugha. Mohammed Said Abdulla alitumia mtaji wa aina hiyohiyo alipoiita riwaya yake ya upelelezi Kisima cha Giningi (1968). Katika imani za Unguja na Pemba, Giningi ni makao ya wachawi. Jina hilo linapotajwa, nusu ya ulimwengu imeshasimama kichwani mwa msomaji wa visiwani kabla mpelelezi wake, Bwana Msa, hajawasha kiko chake. Kwa msomaji wa Kisangani, ambaye hajalelewa na jina hilo, mwandishi analazimika kufanya kazi zaidi. Hilo ni tatizo la kudumu la ujenzi wa ulimwengu: kadiri unavyotegemea kile msomaji anachokijua tayari, ndivyo unavyompoteza yule asiyekijua.

Wanaoanza na ramani

Kambi ya kwanza humtaja J. R. R. Tolkien kama baba yao. Alikuwa msomi wa lugha za kale, alibuni lugha kwanza, kisha akabuni watu wa kuzisema na historia ya kuwabeba. Katika barua ya 1954 alieleza kwamba alianza na ramani na kuifanya hadithi ilingane nayo. Faida yake inaonekana katika The Lord of the Rings (1954–55): umbali wa safari unalingana na siku zilizotumika, mwezi unaandama na kupevuka kwa mpangilio, na majina ya mahali yana ukoo wa lugha unaoeleweka. Msomaji anahisi kwamba nyuma ya kila kilima kuna hadithi nyingine ambayo hakusimuliwa. Hisia hiyo ni vigumu kuipata kwa njia nyingine yoyote.

Wanaoitetea njia hii huruka nusu ya pili ya historia. Tolkien alianza kitabu hicho Desemba 1937 na kukimaliza 1949. Katika rasimu za mwanzo, mtu wa ajabu anayekutana na wasafiri kwenye nyumba ya wageni alikuwa mmoja wa viumbe wafupi aliowaita hobbit, amevaa viatu vya mbao, jina lake Trotter. Baadaye ndiye akawa Aragorn, mrithi wa kiti cha ufalme. Yaani mwandishi mwenye ramani kamili kuliko wote hakumjua mfalme wake mwenyewe mpaka alipomwandika. Tena ilimbidi arudi kwenye The Hobbit, kitabu kilichokwisha kuuzwa tangu 1937, abadilishe sura ya tano katika toleo la 1951 ili ikubaliane na pete ya hadithi mpya. Na kazi aliyoipenda zaidi, The Silmarillion, aliifanyia kazi maisha yake yote bila kuikamilisha. Ilitoka 1977, miaka minne baada ya kifo chake, kwa mkono wa mwanawe Christopher.

Hapo gharama iko wazi. Ramani hula muda, na muda una bei. Tolkien alikuwa profesa mwenye mshahara na likizo. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika usiku baada ya kazi, kwa mchapishaji ambaye angependa kitabu cha kurasa 150, hana miaka 12 ya kuweka rehani. Kasoro ya pili ni ya ndani ya kitabu: aliyetoa jasho kubuni vizazi 30 vya wafalme anashawishika kuvitaja vyote, na sura ya kwanza inageuka somo la historia. Mwandishi Mwingereza M. John Harrison alishambulia tabia hiyo vikali mwaka 2007, akidai kwamba kueleza kila kitu humnyang’anya msomaji sehemu yake ya kazi. Alizidisha, kwa maoni yangu, lakini hoja ya msingi ni nzito: msomaji naye hujenga, na anahitaji nafasi.

Wanaoanza na safari

Kambi ya pili huanza na mtu, au hata picha moja. C. S. Lewis alisimulia kwamba nchi yake ya kubuni, Narnia, ilitokana na picha iliyomkaa kichwani tangu akiwa na miaka 16: kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, amebeba mwavuli na vifurushi katika msitu wenye theluji. Kitabu cha kwanza cha Narnia kilitoka 1950, Lewis akiwa na zaidi ya miaka 50. Nguvu ya njia hii ni uhai. Hadithi inaanza kukimbia ukurasa wa kwanza, na ulimwengu unafunguka kadiri mhusika anavyofungua milango.

Udhaifu wake ni kwamba chochote kinaweza kuingia mlangoni. Narnia ina viumbe wa ngano za Wagiriki, wanyama wanaosema na Baba Krismasi, wote kwenye theluji moja. Tolkien, rafiki yake, hakuupenda mchanganyiko huo. Kibaya zaidi ni pale nguvu mpya zinapozuka kila shujaa anapobanwa: leo anapaa, kesho anasoma mawazo, na hakuna aliyetuambia mapema. Tatizo hili linaonekana sana katika hadithi zinazotolewa kipande kwa kipande kwenye simu. Anayetoa sehemu ya 20 leo jioni hawezi kurudi kuirekebisha sehemu ya tatu. Imeshasomwa na kusambazwa. Mfumo wenyewe wa kutoa kila siku unamlazimisha kuanza na safari, hata kama moyo wake unapenda ramani.

Katikati ya kambi hizi amesimama Ursula K. Le Guin. Kabla ya kuandika A Wizard of Earthsea (1968) alichora ramani ya visiwa vingi na kuvipa majina, kisha akaviacha bila kujua ndani yake kuna nini mpaka mhusika wake alipotia nanga. Ramani ilimpa mipaka. Safari ilimpa yaliyomo. Na alikuwa na sheria moja ngumu: anayejua jina la kweli la kitu ana mamlaka juu yake. Kila kitu kikubwa katika kitabu hicho kinatoka hapo.

Wanaoanza na fumbo

Hapa ndipo nyumbani kwetu, na ndipo uchambuzi unapaswa kukaa kitako. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, aliiweka nchi yake angani na kuipa mipaka yenye majina ya pepo: kaskazi, kusi, matlai na umande. Karama anashitakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na habari za manufaa, na malipo yao yakawa kifungo.

Tazama ramani hiyo inavyofanya kazi. Kila upande upo kwa ajili ya hoja moja. Mjumbe akishaleta hoja, upande huo umemaliza kazi yake. Ni ramani ya mwanasheria. Kwa hiyo kitabu ni kifupi, kikali, na msomaji hapotei njia. Majina ya wahusika yanakamilisha ujenzi: ukishasikia kwamba mshitaki ni Majivuno, huhitaji sura nzima ya malezi yake.

Sababu za njia hii kushika mizizi kwetu zinaeleweka. Chini ya ukoloni, na baadaye chini ya serikali zisizopenda kukosolewa, nchi ya angani ilikuwa ngao. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini, katika Walenisi (1995) alimrusha mhukumiwa wake Dzombo hadi nchi ya usawa ambayo jina lake, ukilikata vizuri, linasema “wale ni sisi”. Ngũgĩ wa Thiong’o aliibuni Aburĩria kwa Kigĩkũyũ katika Mũrogi wa Kagogo, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 2006. Pili, riwaya nyingi za Kiswahili hufika kwa wasomaji kupitia darasa, na darasa huuliza maudhui. Fumbo hujibu swali hilo vizuri kuliko ramani.

Gharama yake ni kwamba jina huwa hukumu. Majivuno hawezi kutubu bila kubadili jina. Msomaji anamaliza Kusadikika akizijua haki na dhuluma za nchi kwa undani, lakini akiulizwa raia wa kawaida anaamkaje, anapika nini na anamkopa nani, atapata taabu kujibu. Nchi ya fumbo inafikiriwa vizuri kuliko inavyokaliwa. Simlaumu Shaaban Robert kwa hilo, kwani alijenga mahakama na mahakama ikasimama. Wanaomuiga ndio wanaochukua majina ya sifa na kuacha hoja, wakabaki na nchi isiyo na mahakama wala jiko.

Euphrase Kezilahabi alitafuta njia ya kutoka. Aliyeanza na Ukerewe inayoonekana na kunuka samaki katika Rosa Mistika (1971) alifika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vifupi ambamo mahali hapana anwani na wakati hauendi mbele kwa utii. Huko fumbo halina ufunguo mmoja. Wahakiki waligawanyika: wapo walioona ujasiri wa kifalsafa, na wapo waliosema msomaji wa kawaida ameachwa nje ya mlango. Wote wana haki. Ulimwengu usio na sheria unayoweza kuikisia unampa msomaji uhuru mkubwa na kumnyima pa kushika.

Lugha imeshajenga nusu

Kambi zote tatu hujadiliana kana kwamba mwandishi anaanza na karatasi tupu. Anayeandika kwa Kiswahili hana karatasi tupu, na hili halijadiliwi vya kutosha.

Anza na saa. Kwetu saa moja ya asubuhi huja baada ya jua kuchomoza, na saa moja ya usiku baada ya jua kuzama. Mwandishi anayepeleka wahusika wake kwenye sayari isiyo na macheo, au ndani ya mgodi wanamoishi vizazi, hawezi kuandika “saa tatu” bila kujua inahesabiwa kuanzia nini. Katika mji wetu wa maji ya siku saba, huenda watu wakahesabu kuanzia maji yalipogeuka. Halafu wiki. Jumamosi ni siku ya kwanza kwa sababu inafuata Ijumaa, siku ya sala ya jamaa. Ufalme wa kubuni usiowahi kusikia Uislamu, lakini soko lake ni la Jumatano, umeingiza historia nzima ya pwani kwa mlango wa nyuma. Mwandishi anaweza kuiacha hivyo kwa makusudi, au akaita siku zake kwa jina la maji: mosi ya kupwa, pili ya kupwa. Hata neno pwani lenyewe limetoka kwenye kupwa. Nchi ya mfano wetu ilikuwa imelala ndani ya neno tunalolitamka kila siku.

Kubwa kuliko yote ni ngeli. Jiwe likianza kusema, tutaandika “jiwe lilisema” au “jiwe alisema”? Roboti ni “imeingia” au “ameingia”? Kiswahili hakikuruhusu kukwepa: kiambishi kimoja kinaamua kama kitu kina nafsi. Hebu fikiria kesi mbele ya kadhi wa mji ule, ambapo jiwe la bandarini ndilo shahidi pekee wa mauaji. Karani anaandika “limesema”. Mtoto wa marehemu anasimama na kusahihisha: “Amesema.” Ukumbi unanyamaza, kwa kuwa kama ni amesema, basi ushahidi unakubalika. Mwandishi amejenga sheria, imani na mgogoro kwa silabi mbili, bila kurasa za maelezo. Jambo kama hilo lipo pia kwenye heshima. Mzimu wa miaka 400 ndani ya mwili wa msichana wa miaka tisa ukikutana na bibi kizee kisimani, nani atamwamkia mwenzake “Shikamoo”? Jibu litatuambia nchi ile inaheshimu mwili au umri wa roho.

Jinsi ya kupima

Kwa mwandishi wa mfululizo wa vitabu vitano, ramani ya mapema ni lazima, maana kosa la kitabu cha kwanza litamfuata hadi cha tano. Kwa hadithi inayotolewa vipande, safari haiepukiki, ila inahitaji daftari moja: kuandika kila sheria iliyokwisha kutajwa, siku ileile ilipotajwa. Kwa anayekosoa watawala wasiovumilia, fumbo bado ni ngao, mradi ndani yake awepo mtu anayeweza kubadilika.

Lakini mgogoro wa kipi kianze, ramani au safari, naona umekuzwa kupita kiasi, na Tolkien mwenyewe, aliyeifumua sura ya kitabu kilichokwisha kuuzwa, ndiye shahidi. Kinachotofautisha ulimwengu ulio hai na pambo ni matokeo ya ile sheria iliyobadilishwa. Inafika jikoni? Inafika mahakamani, kwenye bei ya pweza, kwenye mkataba wa ndoa ya binti aliyeposwa ng’ambo ya maji? Kuna jaribio rahisi: iondoe sheria ya ajabu katika muswada. Kama hadithi bado inasimama vilevile, na mhusika angefanya yaleyale Dodoma au Mombasa, nchi ile ni kanga iliyotundikwa ukutani. Kwa kipimo hicho Kusadikika inafaulu, kwa kuwa bila sheria yake ya kuwafunga wanaoleta habari njema, Karama hana kesi ya kujibu. Na Earthsea inafaulu, kwa kuwa bila majina ya kweli hakuna mchawi.

Kwa walimu wa fasihi nina ombi: mkishauliza mandhari ni wapi, ongezeni swali la pili, kwamba sheria za mahali hapo zinamnufaisha nani na kumgharimu nani. Na kwa anayekaa leo usiku na daftari jipya, chagua sheria moja ya dunia hii, ibadilishe, kisha ufuate gharama yake mpaka kwa mtu mmoja ambaye haiwezi kumwacha salama. Mwandike huyo kwanza, siku ya sita, matope yakiwa magotini na maji yakisikika kwa mbali. Mipaka ya mji itachorwa atakapoifikia.